Mshale wa kaboni, chembe cha kufunguka na siri ya wawindaji wa Garissa

Ukiskrol video za uwindaji usiku, lazima utakutana na hii. Jamaa wa Marekani amepanda juu ya mti, kavaa nguo za rangi ya majani, upinde wake una magurudumu na nyaya kama mashine ya jimu. Paa anapita chini. Mshale unatoka, paa anaruka, anakimbia. Baadaye jamaa anauokota mshale wake majanini na kuuinua mbele ya kamera: umevunjika vidole vitatu nyuma ya chembe.

Hapo mabishano huanza. Wengine wanasema kaboni ni takataka. Wengine wanalaumu chembe, hasa vile vya kisasa ambavyo makali yake hujikunja wakati mshale unaruka na kufunguka unapogonga mnyama. Wengine wanasema kosa ni la mpigaji mwenyewe.

Sasa utauliza, hii inamhusu vipi kijana wa Hagadera, au wa Eastleigh, au wa Garissa mjini? Inamhusu sana. Eneo lote kuanzia Tsavo, kuvuka Mto Tana hadi msitu wa Boni na nchi ya Juba, lilikuwa makao ya baadhi ya mafundi wakubwa wa upinde ambao dunia imewahi kuwaona. Swali wanalobishania Wamarekani mtandaoni, yaani mshale uvunjike wapi na ubaki mzima wapi, mafundi hao walishalijibu zamani kwa mti, chuma kidogo na kano za wanyama.

Zaidi ya hayo, maelfu ya watu waliowahi kuishi kambi za Dadaab leo wako Marekani, katika majimbo ambako kila msimu wa vuli jirani hutoka nyumbani na upinde begani na leseni mfukoni.

Kabla hujafikiria kuingia kichakani

Tuanze na sheria ili tusije tukaelewana vibaya. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya ngozi, pembe na mapambo mengine yatokanayo na wanyamapori. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inataja hata uwindaji wa kitoweo cha nyumbani kuwa kosa. Haijalishi kama ni dikidiki mmoja wa kuchoma. Haijalishi kama unatumia bunduki, mtego wa waya au upinde wa babu.

Kwa hivyo hapa hakuna anayekufundisha kuwinda pembeni mwa kambi. Tunazungumzia kifaa, jinsi kinavyofanya kazi na historia yake. Tukimaliza, utaona pia kwa nini sheria hiyo iliwaumiza baadhi ya watu kuliko wengine.

Kaboni haipindi, inavunjika

Mshale wa kisasa ni bomba jembamba. Nyuzi za kaboni hupangwa na kugandishwa kwa gundi ngumu ya resini, kisha bomba hilo hukatwa kwa urefu unaomfaa mpigaji. Mishale ya aina hii ilianza kuenea miaka ya 1980 na leo ndiyo imetawala. Kabla yake kulikuwa na aluminiamu, na kabla ya aluminiamu ni mti.

Tofauti yake na aluminiamu ni rahisi kuielewa. Aluminiamu ikigonga mfupa au jiwe hupinda na kubaki imepinda, kwa hivyo unaona kwa macho kwamba mshale umeharibika. Kaboni ina tabia nyingine kabisa. Hupinda kidogo na kurudi ilivyokuwa, mara elfu na zaidi, imenyooka kama rula. Lakini ikizidiwa haibaki imepinda. Inapasuka.

Hatari ni kwamba mpasuko mdogo unaweza kujificha. Kwa nje mshale unang'aa, ndani nyuzi zimeachana. Ukiurudisha kwenye upinde wenye nguvu, unaweza kupasuka papo hapo wakati unaachia uzi, na vibanzi vyake vikaingia kwenye mkono unaoshika upinde. Ndiyo maana watengenezaji wa mishale husisitiza sheria moja: kabla ya kila mpigo, shika mshale ncha zote mbili, upinde taratibu kuelekea kila upande, uuzungushe na usikilize. Ukisikia mlio wa kukwaruza au kutatarika, au ukihisi ulegevu, mshale huo umekufa. Uvunje kabisa ili mwingine asije akauokota.

Kuna jambo lingine ambalo wanaoanza hulidharau: ukakamavu. Upinde unapoachiliwa, mshale hautoki umenyooka. Unapinda kama samaki anayeogelea, kisha unajinyoosha njiani. Kupima ukakamavu, mafundi huweka mshale juu ya nguzo mbili zilizoachana inchi 28, wakaning'iniza uzito wa gramu 880 hivi katikati, wakapima umelala kiasi gani. Mshale ulioandikwa 400 umelala sehemu 400 za elfu moja ya inchi. Namba ikiwa ndogo, mshale ni mgumu zaidi. Ukiweka mshale laini kwenye upinde mkali, au ukaweka chembe kizito mno mbele, unayumba sana, unafika umekaa upande, na hapo ndipo matatizo huanza.

Chembe cha kufunguka kina raha na karaha zake

Chembe, kwa wale ambao Kiswahili cha shule kimewapiga chenga, ni kile chuma cha mbele cha mshale. Wano ni ule mwili wenyewe, bila chuma.

Chembe cha kawaida cha uwindaji kina makali yaliyosimama wazi muda wote, mawili, matatu au manne. Ni imara kwa sababu hakina kitu cha kuchezacheza. Shida yake ni kwamba makali yale yakiwa hewani hufanya kazi kama mabawa. Kama upinde haujarekebishwa vizuri, mshale unakwenda kombo.

Chembe cha kufunguka kilibuniwa kutibu ugonjwa huo. Makali yamefungwa ndani au yamelazwa kando, yakishikwa na mpira mdogo au kola ya plastiki. Hewani mshale unaruka kama wa mazoezi. Unapogusa ngozi, makali yanasukumwa na kufunguka, mara nyingine hadi upana wa sentimita tano. Jeraha linakuwa pana, damu inatoka kwa wingi, mnyama hafiki mbali. Hiyo ndiyo ahadi.

Lakini hakuna cha bure. Kufungua makali kunakula nguvu, na kukata tundu pana kunakula nguvu zaidi. Tuchukue mshale wa gramu 26 unaokwenda mita 85 kwa sekunde, mwendo wa kawaida kwa pinde za siku hizi. Nguvu yake ni jouli 94 hivi, karibu sawa na chupa ya maji ya lita mbili iliyoanguka kutoka urefu wa mita tano. Ukiisikia hivyo, si nguvu nyingi. Mshale hauui kwa kishindo kama risasi. Unaua kwa kukata. Kila jouli inayopotea kwenye bawaba na mpira ni jouli ambayo haitasukuma mshale ndani.

Kisha kuna suala la pembe. Mnyama akiwa amesimama upande kabisa, makali yote yanafunguka pamoja. Akiwa amegeuka kidogo, ukali mmoja unagusa kwanza na kushika kama nanga. Mbele ya mshale kunavutwa upande mmoja huku nyuma bado kunasukuma kwa mwendo wote. Hapo bomba la kaboni linakunjwa kwa nguvu ambayo halikutengenezwa kuivumilia.

Basi ni nani anayevunja mshale?

Turudi kwa yule jamaa wa video. Mshale wake ulivunjika vidole vitatu nyuma ya chembe, na sehemu hiyo inajieleza.

Ndani ya ncha ya mbele ya bomba la kaboni hugundishwa kichuma kidogo chenye mitaro ya skrubu, na chembe hufungwa humo. Kichuma ni kigumu, kaboni iliyokizunguka ni nyembamba, na kinapoishia ndipo msongo wote hukusanyika. Ni kama kijiti unachokivunjia ukingoni mwa meza: hakivunjiki katikati ya meza wala kwenye ncha, kinavunjika pale ukingo unapoishia.

Kwa hivyo chembe cha kufunguka peke yake hakivunji mshale, na kaboni peke yake si dhaifu. Kinachovunja ni mchanganyiko: pigo la upande, mfupa wa bega, kichuma kifupi cha aluminiamu, gundi iliyopakwa ovyo, na bomba jembamba lililochaguliwa kwa sababu ya mwendo. Mara nyingine mshale hata hauvunjwi na pigo. Umeingia nusu, mnyama anakimbia kichakani, nusu iliyobaki nje inagonga miti. Hakuna kaboni itakayoshindana na mti.

Tiba zinajulikana. Ya kwanza ni pete au mkono wa chuma unaovalishwa nje ya ncha ya bomba, ili kaboni ishikwe ndani na nje. Ya pili ni kichuma kirefu zaidi, cha chuma cha pua badala ya aluminiamu. Ya tatu ni bomba lenye ukuta mnene, ukubali mshale mzito unaokwenda polepole kidogo. Ya nne, wengi wanaiona ya kizee, ni kurudi kwenye chembe chenye makali yasiyofunguka na kutumia muda kurekebisha upinde wako.

Usisahau hesabu ya mfukoni. Mshale mmoja wa kaboni pamoja na chembe chake unaweza kumtoka mtu dola 20 hadi 30, yaani kama Sh2,500 hadi Sh4,000. Ukivunja mitatu kwa msimu, hiyo ni kodi ya nyumba kwa mtu fulani.

Mafundi wa zamani walifanyaje?

Sasa tuje nyumbani.

Waata, ambao vitabu vingi vya wakoloni viliwaita Waliangulu na wengine huwaita Wasanye, waliishi kuanzia maeneo ya Tsavo hadi Mto Tana. Aweer, wanaojulikana zaidi kama Waboni, jina ambalo wengi wao hawalipendi, wako Lamu na kusini mwa Garissa, na wenzao wako ng'ambo upande wa Somalia. Lugha ya Aweer ni ya Kikushi na ni jirani wa karibu wa Kisomali. Waata wao huzungumza lahaja ya Kioromo. Wote walikuwa wawindaji wa upinde.

Upinde wa Mwata haukuwa wa mchezo. Pinde zao za tembo zilihitaji nguvu ya zaidi ya pauni 100, yaani kilo 45 na kuendelea, kuzivuta. Jamaa wa video na magurudumu yake huvuta pauni 60 au 70, na magurudumu yanampunguzia uzito anapokuwa amevuta kikamilifu. Mwata hakuwa na gurudumu. Alikuwa na mgongo.

Lakini akili kubwa ilikuwa kwenye mshale. Mishale mingi ya sumu ya Afrika Mashariki, ikiwemo ya Wakamba na ya Wahadza wa kule Ziwa Eyasi, Tanzania, ilijengwa kwa vipande. Nyuma kuna wano refu lenye manyoya ya ndege. Mbele kuna kipande kifupi chenye chembe cha chuma na sumu, kilichopachikwa kwenye tundu la wano bila gundi ya kudumu. Mshale unapoingia na mnyama kukimbia, wano linachomoka na kuanguka. Kipande cha mbele kinabaki ndani ya mnyama na kufanya kazi yake.

Ona walivyolitatua lile tatizo. Mmarekani anahangaika kuimarisha ile sehemu ya mbele ili isivunjike. Fundi wa huku aliamua kwamba mshale utaachana hapo hapo, ila uachane kwa mpango wake. Wano lililochukua siku kadhaa kunyooshwa kwa moto na kufungwa manyoya halipotei wala halikatiki kwenye miti. Linaokotwa, linapachikwa kipande kingine, maisha yanaendelea. Alichopoteza ni chuma kidogo, mara nyingi msumari uliofuliwa upya.

Pia hakuhitaji jeraha la sentimita tano. Chembe chake kilikuwa kidogo na chembamba, kimetengenezwa kupenya, kwa sababu kazi ya kuua haikuwa ya makali. Ilikuwa ya sumu.

Waabaayo: neno la Kisomali ndani ya vitabu vya moyo

Hapa kuna kitu ambacho mwanafunzi yeyote wa Hagadera anayesomea sayansi anapaswa kukijua.

Sumu ya mishale katika ukanda huu hutoka hasa kwenye miti ya jamii ya Acokanthera. Kwa Kisomali sumu ya mshale huitwa waabaayo. Wafaransa walilichukua neno hilo na kulitamka kwa namna yao, na mwaka 1888 mkemia Léon-Albert Arnaud alipoitenga kemikali yenyewe, ikapewa jina linaloandikwa ouabain. Fungua kitabu chochote cha famasia duniani, neno hilo la Kisomali limekaa humo.

Kemikali hiyo huziba kifaa kidogo kilichoko kwenye ukuta wa kila seli ya mwili, kinachotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Kifaa hicho kikizibwa, kalsiamu hujaa kwenye seli za moyo. Kwanza moyo unapiga kwa nguvu kupita kiasi, kisha mapigo yanavurugika, kisha unasimama. Mwanasayansi wa Denmark, Jens Christian Skou, alikigundua kifaa hicho mwaka 1957, na ouabain ilikuwa ndiyo kipimo kilichosaidia kuthibitisha ugunduzi huo. Mwaka 1997 akapata Tuzo ya Nobeli ya kemia. Kwa kiwango kidogo sana, madaktari wa Ufaransa na Ujerumani waliwahi kuitumia kutibu wagonjwa wa moyo.

Na kuna panya anayeijua siri hiyo pia. Panya mkubwa mwenye manyoya marefu, anayeishi milima na misitu ya Afrika Mashariki, hutafuna gome la mti huo na kupaka mate yake kwenye manyoya maalumu ya ubavuni. Mbwa akimng'ata, mara nyingi hiyo inakuwa ndiyo siku yake ya mwisho. Watafiti walichapisha habari hiyo mwaka 2011, ingawa wenyeji walikuwa wakisema siku zote kwamba panya huyo ana sumu.

Neno la tahadhari: sumu hii haina mchezo. Ikiingia kwenye mkwaruzo tu, hakuna wakati wa kutafuta bodaboda. Watu wameuawa kwa mishale ya sumu katika wizi wa mifugo na ghasia za kikabila nchini humu. Ukiona mshale wa zamani kwa mtu, usiushike mbele.

Upande wenye uchungu

Ustadi huo ulipogeuzwa kuwa biashara ya pembe, ulileta maafa. Kati ya 1956 na 1957 serikali ya kikoloni iliendesha operesheni kubwa dhidi ya wawindaji wa Tsavo, na wanaume wengi wa Waata wakaishia jela. Mnamo 1960 kulianzishwa mpango wa kuwapa Waata nafasi ya kuwinda kihalali eneo la Galana, lakini haukudumu. Miaka ya 1970 na 1980 bunduki zikachukua nafasi ya upinde, na tembo wa Kenya wakashuka kutoka zaidi ya 160,000 hadi chini ya 20,000.

Mshale haukuondoka kabisa. Mei 2014, Satao, tembo wa Tsavo aliyejulikana kote duniani kwa pembe zilizokaribia kugusa ardhi, aliuawa kwa mshale wa sumu. Uso wake ulikatwakatwa ili kutoa pembe. Mshale haupigi kelele, na hiyo ndiyo sababu majangili bado wanaupenda. Askari wa wanyamapori husikia bunduki kutoka mbali. Mshale hawausikii.

Huku Garissa tumeshaonja hasara ya aina hiyo. Machi 2020, hifadhi ya jamii ya Ishaqbini ilitangaza kuwa majangili walikuwa wamewaua twiga mweupe jike na mwanawe. Alibaki dume mmoja tu, ambaye baadaye alifungwa kifaa cha GPS. Katika hifadhi hiyo hiyo ndiko lilikojengwa boma la kuwalinda hirola mwaka 2012, swala ambaye asili yake ni mpaka huu wa Kenya na Somalia. Waliobaki hawafiki 500. Mshale mmoja, wa mti au wa kaboni, ni hasara ambayo hesabu hiyo haiwezi kuibeba.

Lakini tusiwasahau Aweer. Wakati wa vita vya shifta miaka ya 1960 walitolewa msituni na kuwekwa vijijini kando ya barabara. Mwaka 1977 uwindaji, uliokuwa ndio maisha yao, ukawa kosa la jinai kwa siku moja. Mwaka 2015 ikaja Operesheni Linda Boni dhidi ya Al-Shabaab, na msitu waliokuwa wakichuma asali na matunda ukawa uwanja wa vita. Shule kadhaa zilifungwa kwa miaka. Watu ambao hawakuwahi kuwamaliza tembo wala hirola ndio waliolipa bei kubwa ya kuwalinda.

Hiyo haimaanishi marufuku iondolewe kesho. Inamaanisha kwamba tunapozungumza kuhusu uhifadhi, kijana wa Aweer anafaa kuwa mezani, si kwenye orodha ya washukiwa. Anayeweza kusoma nyayo za jana kwenye mchanga ni askari wa wanyamapori ambaye hakuna chuo kinachoweza kumtengeneza.

Kutoka Hagadera hadi Minnesota

Hagadera ilifunguliwa mwaka 1992, na tangu hapo imezaa na kulea kizazi kizima. Wengine wamehamishiwa Marekani, wakiwemo wengi walioishia Minnesota, jimbo lenye mojawapo ya jamii kubwa zaidi za Wasomali nje ya Afrika. Huko, msimu wa kuwinda paa kwa upinde huanza katikati ya Septemba na kwenda hadi mwisho wa Desemba. Ni halali, una leseni, una idadi maalumu ya wanyama, na nyama inakwenda kwenye friza.

Kwa Mwislamu, swali la chembe linapata uzito mwingine. Katika hadithi mashuhuri, Adi bin Hatim alimuuliza Mtume (SAW) kuhusu mawindo ya mshale usio na chuma. Jibu lilikuwa kwamba ukipenya kwa ncha, kula. Ukigonga kwa ubapa wake, usile, maana huyo amekufa kwa kupigwa. Yaani sharti ni kukata, pamoja na kulitaja jina la Mwenyezi Mungu unapoachilia mshale. Basi chembe ambacho hakikufunguka na kikagonga tu si hasara ya dola peke yake. Na mawindo ya sumu yanaleta mjadala wa aina hiyo: kilichoua ni makali au ni sumu? Ukiwa huko, muulize sheikh kabla ya kununua vifaa, si baada ya paa kuanguka.

Kwa aliyebaki Kenya, kuna njia ambayo haimuui mnyama wala kukupeleka mahakamani: upinde wa michezo. Shehzana Anwar aliiwakilisha Kenya katika mchezo huo kwenye Olimpiki ya Rio 2016, na ndiye aliyebeba bendera yetu siku ya ufunguzi. Katika Olimpiki shabaha iko mita 70, na duara la alama kumi lina upana wa sentimita 12.2 tu, kama sahani ndogo ya kikombe. Mishale huko ni ya kaboni pia, ila ncha zake hazina makali.

Ukipata nafasi ya kujaribu, beba haya:

Pinda na usikilize kila mshale wa kaboni kabla ya kuupiga. Kila mmoja, kila mara.

Chagua ukakamavu unaolingana na nguvu ya upinde wako. Usichukue wa rafiki kwa sababu una rangi poa.

Usiachilie uzi bila mshale. Nguvu isiyokuwa na mshale wa kuibeba inarudi kwenye upinde, na upinde unaweza kupasuka.

Mshale ukigonga mwingine, jiwe au fremu ya shabaha, uweke kando hadi uukague.

Na kama una babu au ajuza aliyekulia msituni, upande wa Boni, wa Tana au wa Juba, toa simu yako kabla ya yote hayo. Muulize alivyonyoosha wano, alivyochagua mti, alivyofunga manyoya, jina la kila kipande kwa lugha yake. Rekodi. Ujuzi wa sumu mwachie, lakini ujuzi wa fundi uchukue. Ouabain iliingia vitabuni na jina la Arnaud likaandikwa kando yake. Wale Wasomali waliomtangulia, waliojua kila kitu kuhusu mti ule, hakuna aliyewaandika majina.